Kasanduku ka amperi 30: mimi ninasema hapana



Kikundi chetu cha elektroniki kiko na feza kidogo ndani ya sanduku. Si feza ya mutu mumoja. Kila mwanachama alileta franka zake, wengine kwa shida. Siku ya posho tutakutana ili kuamua ni alimantasio gani tutanunua kwa meza yetu ya kazi. Ninajua kwamba wengi wamekwisha kuchagua. Wanataka ile sanduku ya chuma yenye matundu-matundu, inayoandikwa voliti 12 na amperi 30, inayouzwa mpya ku soko ndani ya karatoni nyeupe. Mimi niko na mawazo mengine, na ninaomba muyasome mbele ya kuinua mkono.

Mawazo yangu ni haya: kwa feza hiyo tununue sharjeri mbili za ordinateri ya kubeba, za okazio lakini za fabriki ya kweli, pamoja na tumoduli twa kushusha voliti. Ile sanduku ya amperi 30 tuiache kwa wenye kuwa na kazi yake. Sasa nitaeleza juu ya nini.

Ndani yake munapita nini?

Kwa wadogo wetu wa mwaka wa kwanza, nianze hapa. Alimantasio ni kitu kinachopokea umeme wa prizi, voliti 220, na kutoa umeme mudogo ambao kazi zetu zinaweza kuvumilia: voliti 5, voliti 12, na vile. Zamani kazi hiyo ilifanywa na transfo kubwa ya chuma na shaba. Wote tumeona moja ndani ya ampli ya zamani: nzito kama jiwe la kusagia. Ni nzito kwa sababu umeme wa prizi unageuka pole pole, mara 50 kwa sekunde, na kwa mwendo huo transfo inaomba chuma mingi.

Alimantasio za leo zinatumia akili nyingine. Zinanyosha kwanza umeme wa prizi uwe wa njia moja, na hapo unapanda karibu voliti 310. Kisha transistori inaukata-kata mbio sana, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa mbio hiyo, transfo ndogo kama kiberiti inatosha. Akili hii si mpya: ordinateri Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa tayari na alimantasio ya namna hii. Ndiyo sababu sharjeri ya wati 65 inaingia ndani ya mukono mumoja.

Lakini angalieni vizuri. Ndani ya hiki kitu kidogo kuko pande mbili. Upande mumoja kuko voliti 310 zenye kuweza kuua mutu. Upande wa pili kuko voliti ambazo mwanafunzi atagusa kwa vidole. Katikati kuko ukuta. Ukuta ule ni transfo ndogo, ni kale kadude kanakopitisha habari kwa mwangaza bila waya, na ni nafasi ya milimetri kadiri ambamo hakupiti shaba hata kidogo. Mimi ninasema kwamba mutu akinunua alimantasio, ananunua kwanza ukuta. Amperi zinakuja nyuma.

Mwenye kutengeneza kwa bei ya chini sana anaiba wapi? Anaiba pale pasipoonekana. Mwaka 2012 mutu mumoja wa Marekani, Ken Shirriff, alipima sharjeri kumi na mbili za telefone, za kweli na za kuigwa, akaandika yote aliyokuta. Zile za kuigwa zilikuwa na sura sawa na za kweli, lakini zilitoa umeme muchafu, na akizifungua alikuta ukuta mwembamba, pande mbili zikikaribiana kupita kiasi. Inje zote zilikuwa nzuri. Basi sura isitudanganye.

Tunahitaji amperi ngapi?

Wenzangu wanasema: «Tukamate kubwa mara moja, itatusaidia leo na kesho.» Neno hilo linaonekana kuwa la akili. Lakini tuhesabu.

Ampule ndogo ya LED inakula karibu amperi 0.02. Weka kumi: amperi 0.2. Karte ya Arduino peke yake inakula karibu amperi 0.05. Ampli ndogo ya TDA2003, ile tunayotoa ndani ya radio za gari, kwa voliti 12 na spika ya omu 4 haipiti amperi moja na kidogo. Weka kazi zote za kikundi chetu pamoja juu ya meza, sizani kama tutafika amperi 3. Sasa zile 27 zingine ni za nini?

Mutu atajibu: «Zikikaa bure, hazina mubaya.» Hapo ndipo ninakataa kwa nguvu. Tuseme mwanafunzi amekosea, waya mbili nyembamba zimegusana. Sharjeri ya amperi 3.42 inaona kwamba inaombwa kupita uwezo wake, inajikata yenyewe, inangoja. Tunachomoa, tunatengeneza, tunaendelea. Sanduku ya amperi 30 haiwezi kujua kama kuko kosa. Kwake amperi 20 ni kazi ya kawaida. Itatoa amperi 20 katika kawaya kembamba mpaka kawe kekundu, plastiki iyeyuke, meza ianze kuungua. Alimantasio yenye nguvu kupita kazi yake haina huruma kwa makosa, na sisi tuko hapa kwa kujifunza, ni kusema kwa kukosea.

Kuko na jambo lingine. Sanduku ile iko na skurubu zake wazi: mbili za umeme wa 220, moja ya waya wa udongo, na pembeni zile za voliti 12, zote kwa mustari mumoja. Ni kitu cha kufungiwa ndani ya mashine, nyuma ya kifuniko, si cha kulala uchi juu ya meza ambapo watoto wa mwaka wa kwanza wanapitisha mikono. Tena inaomba waya wa udongo. Prizi ngapi ndani ya masomo yetu ziko na udongo wa kweli? Bila udongo, chuma ya sanduku inaweza kubeba karibu nusu ya voliti za prizi. Umeme unaopita ni kidogo, lakini mutu anausikia ukimuluma-luma ku vidole, na siku kitu kikiharibika ndani, hakutakuwa njia ya kuukimbiza.

Na kabutoni kekundu? Sanduku mingi za namna hiyo ziko na kabutoni pembeni, 110 ao 220. Mwaka uliopita, karibu na kwetu, kijana mumoja aliunua mpya, akaichomeka bila kutazama. Ilikuwa imewekwa ku 110. Ilipasuka kwa sauti kama bunduki, nyumba ikajaa moshi. Sababu yake ni hii: ku 110, mashine inazidisha voliti mara mbili. Ukiipa 220, inafanya vile vile. Zile kondensateri mbili za ndani, zilizofanywa kwa voliti 200 kila moja, zinapewa karibu 310 kila moja. Hakuna anayeweza kuvumilia mzigo kama ule. Muuzaji alisema: «Uliharibu wewe mwenyewe.» Feza ikapotea.

Juu ya nini sharjeri ya ordinateri?

Kwanza, imefungwa yote ndani ya plastiki. Hakuna skurubu ya 220 ya kugusa.

Pili, inakubali voliti 100 mpaka 240 bila kabutoni yoyote. Hilo kwetu ni jambo kubwa. Tunajua wote namna umeme unavyoshuka magaribi, wakati kila nyumba inapika. Transfo ya zamani ikipewa 160 pahali pa 220, nayo inashusha kwa kipimo kile kile: pahali pa 12 inatoa chini ya 9. Sharjeri hii inaendelea kutoa 19 kama hakuna neno.

Tatu, fabriki za ordinateri zinaogopa mashitaki na aibu, basi wanaweka ukuta wa kweli. Sisemi kwamba kila sharjeri yenye jina kubwa ni ya kweli, maana jina linaandikwa na kila mutu mwenye mashine ya kuchapa. Ninasema kwamba ile iliyotoka pamoja na ordinateri yake ya zamani ni kitu cha kutumainiwa kuliko ile mpya ya bei ya karanga.

Inatoa voliti 19 na amperi 3.42, ni kusema wati 65. Nyuma yake tunaweka kamoduli ka LM2596, kanakopatikana kwa feza kidogo. Kanapokea mpaka voliti 40 na kushusha kwa kipimo unachotaka, ukizungusha kaskurubu. Katika karatasi yake kameandikwa amperi 3, lakini bila chuma cha kupoza usipite 2, na zingine za soko si LM2596 ya kweli. Sharjeri moja inalisha moduli mbili bila shida: moja ku voliti 5, moja ku voliti 12. Mushangao mwingine: ile rigileta ya 7805 tunayojifunza darasani, ukiipa 19 na kuomba 5 kwa amperi moja, inageuza wati 14 kuwa moto wa bure. Kamoduli haka hakachomi hata nusu ya nusu ya hizo.

Lakini mukumbuke: kamoduli hakana ukuta. Ukuta uko ndani ya sharjeri peke yake. Tena kanaweza kufika kama kamewekwa voliti yoyote. Basi kila mara, multimetri kwanza, zungusha mpaka uone kipimo, kisha unaunga kazi yako. Na kati ya sharjeri na moduli tuweke fizibu ya amperi 3.

Namna ya kuchagua ku soko

Kuko wanaosema: «Mchagua jembe si mkulima.» Methali ni nzuri, lakini jembe haliui mutu usiku. Alimantasio inaomba kuchaguliwa. Nitatoa njia tano, na hakuna hata moja inayoomba diplome.

1. Soma karatasi yake na kuzidisha. Voliti mara amperi ni wati. Kama inasema inatoa voliti 12 na amperi 5, ni wati 60. Sasa soma upande wa kuingia. Kama imeandikwa 100–240 na amperi 0.3, zidisha 100 mara 0.3: wati 30. Namna gani kitu kitakula 30 na kutoa 60? Ni uongo ulioandikwa na mwenyewe. Irudishe.

2. Pima ku mukono. Yenye uzito wa karatasi tupu iko na kitu kidogo ndani. Lakini uzito peke yake si hakika.

3. Tazama alama ya miraba miwili, mumoja ndani ya mwingine. Maana yake ni kwamba ina ukuta wa mara mbili na haiombi waya wa udongo. Alama nayo inaweza kuigwa; isipokuwepo kabisa ku sharjeri ya plastiki yenye vidole viwili, usichukue.

4. Kwa okazio, pindisha waya pale unapotoka ndani ya sharjeri, na pale unapoingia ku kichwa. Hapo ndipo inakatika. Tikisa: kikilia kitu ndani, acha. Nusa: harufu ya kuungua haifichwi.

5. Ijaribu na mzigo. Bila mzigo kila alimantasio ni mwaminifu. Kamata ampule ya gari ya nyuma, voliti 12 wati 21: ni karibu amperi 1.75. Ile kubwa ya mbele ya wati 55 ni karibu amperi 4.6. Kwa sharjeri ya 19, unga mbili za wati 21 kwa kufuatana, moja nyuma ya ingine, maana moja peke yake itaungua. Acha nusu saa, soma multimetri. Voliti ikishuka zaidi ya moja kwa ishirini, ao plastiki ikichoma mukono, si ya kununua. Ampule ikiwa baridi inavuta mingi kwa kitambo kidogo. Basi sharjeri ikikataa mara ya kwanza, jaribu tena mbele ya kuihukumu.

Na alimantasio ya ordinateri kubwa, ile ya ofisi? Ukiipata bure, usiitupe. Waya wa manjano ni voliti 12, mwekundu 5, wa rangi ya machungwa 3.3, mweusi ni masi. Unaunga wa kijani na mweusi mumoja, inaamka. Iko na ulinzi muzuri. Lakini zile za zamani ziko nazo na kabutoni ka 115 na 230 nyuma, basi tazama kwanza. Nyingine zinataka mzigo kidogo ku waya mwekundu ili 12 isimame sawa. Kwa kazi ya voliti 5 peke yake, kama Arduino, sharjeri ya telefone ya fabriki ya kweli inatosha, tena ndiyo rahisi kupita zote.

Majibu kwa wenye kukataa

Ndugu mumoja wa mwaka wa sita ameniambia kwamba transfo ya zamani inapita zote. Kwa jambo moja ana haki: radio. Alimantasio hizi za kukata-kata zinatoa kelele, na ukisikiliza mawimbi ya kati ao mafupi, utasikia mungurumo. Kwa kazi ya radio tulinde ile transfo yetu moja. Kwa zingine, hapana: nzito, bei ya shaba imepanda, na magaribi inalegea pamoja na umeme.

Wengine wanataka sanduku ya voliti 12 ili kujaza batiri ya gari. Haitafanya. Batiri ya voliti 12 inaomba karibu 14 ili ijae. Na batiri si kitu cha kuachwa peke yake na alimantasio yoyote bila kipimo.

Wengine tena wanasema okazio ni vitu vilivyokufa. Ni kweli kwamba kondensateri zinazeeka, hasa kwa moto. Ndiyo maana nimesema nusu saa ya mzigo mbele ya kulipa. Muuzaji anayekataa tujaribu, tumuache na mali yake.

Hata tukinunua nini, amri mbili zibaki. Ya kwanza: hakuna anayefungua alimantasio kwa kutaka kuona tu. Ile kondensateri kubwa ya ndani inaweza kulinda voliti 310 hata kisha kuchomoa, na inaweza kuangusha mutu muzima. Ya pili: umeme ukikatika, tuchomoe. Ukirudi, tungoje dakika kadiri, maana mara nyingi unarudi kwa fujo.

Basi ninaleta maombi matatu kwa mukutano wa posho. Tununue sharjeri mbili na moduli nne. Feza inayobaki inunue fizibu na multimetri ya pili, kwa sababu multimetri moja kwa wanafunzi wote ni kidogo. Na kila kitu kijaribiwe mbele ya wawili wetu kabla feza haijatoka mukononi.

Ninajua kwamba sanduku inayong'aa inapendeza macho, na kwamba amperi 30 ni jina la kujivunia mbele ya masomo mengine. Lakini wenye kukaa ku ile meza magaribi, wakati mwalimu amekwisha kwenda, ni wadogo wetu. Anayewaza kwamba ninakosa, aandike katika gazeti letu la mwezi ujao na atoe hesabu yake. Nitaisoma kwa furaha.

Mwanafunzi mwenzenu wa mwaka wa tano